Ulaya na mama, mama mkubwa na watoto wawili: basi la pakeji nyota mbili, treni na meli za Uswisi nyota tano

Tumerudi mwanzoni mwa mwezi wa saba na toka turudi simu haipumziki, ndugu na majirani wote wanauliza swali moja tu, mliwezaje kwenda na wazee. Basi naandika hapa kwa kirefu mara moja, mwenye wazazi na watoto anayewaza safari kama hii asome kabla hajamlipa mtu hela yake.

Tulikuwa sita. Mimi na mume wangu, mama yangu mzazi ana miaka 73, goti la kulia linamsumbua na anatumia dawa za presha, mama mkubwa ambaye ni dada yake ana miaka 76 na huyo ana nguvu kuliko sisi wote, binti yetu wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Wazee wote wawili ni watu wa Tanga, nje ya nchi walishafika Makka tu, kwa hija. Siku 11, usiku kumi: Amsterdam mmoja, Paris mbili, Lucerne kule Uswisi nne, Venice tatu. Siku tano za mwanzo tulinunua pakeji ya basi, zile za kundi zima na mwongozaji mwenye bendera, na zilizobaki tulipanga wenyewe. Hatukupanga kulinganisha, ila imetokea tumelinganisha, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba nimeona dhambi kukaa kimya.

Kwanza viza maana wengi wanakwama hapo. Ni viza ya Schengen, yaani moja tu inayowaingiza nchi zote tulizopita, mnaomba kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, kwetu ikawa Uswisi. Ada ni yuro 90 mtu mzima, mtoto wa miaka 6 mpaka kabla ya 12 ni 45, chini ya miaka sita bure, kwa hiyo kwa watu sita tulilipa yuro 405 ukiacha ile ya kituo cha kupokelea maombi. Bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000, na kwa wazee msinunue ile ya bei ya chini mkafunga macho, someni inasemaje kuhusu ugonjwa ambao mtu anao tayari. Maombi yanapokelewa miezi sita kabla ya safari, sisi tulienda mapema na nashukuru maana mama alama za vidole zilikataa kusoma mara tatu, mikono ya mtu aliyepalilia shamba miaka yote ile, ikabidi apakwe losheni akae pembeni ajaribu tena.

Sasa basi la pakeji. Jina la kampuni sitaji, nia yangu siyo kuharibia mtu biashara, na nimegundua pakeji nyingi zimeshonwa hivyohivyo. Kizuri chake nakisema: barua zote za hoteli za viza walituandalia bila kusumbua, mabegi dereva anapakia mwenyewe, na wewe huwazi tiketi wala njia. Kama ni watu wazima wenye miguu mizima wanaotaka kuona miji mingi kwa siku chache watafurahia tu.

Ila ratiba. Saa moja na nusu asubuhi mko kwenye basi, kila siku, maana yake wazee wameamka saa kumi na moja. Na mwezi wa sita Ulaya jua halizami, Paris Magharibi inaingia karibu saa nne usiku na Isha inasogelea saa sita, kwa hiyo mama akishaswali anapata masaa manne matano ya kulala halafu gari linanguruma nje. Watoto nao hawalali kwa sababu nje kweupe. Mimi hili sikuliwaza kabisa nikiwa nyumbani, nililinganisha bei na idadi ya miji, miji ilikuwa mingi nikaona tumepata.

Siku ya pili tunatoka Amsterdam kwenda Paris kupitia Brussels, tukasimama haiwei Ubelgiji. Dereva wa basi kisheria kule haruhusiwi kuendesha zaidi ya masaa manne na nusu bila kupumzika dakika 45, sheria nzuri tu, lakini pale mwongozaji alisema dakika ishirini na tuko watu arobaini na kitu. Choo ni cha kulipia, kuna kigeti kama cha mwendokasi, unaweka sarafu ndiyo kinazunguka. Mama hana sarafu, mimi niko na mtoto upande wa pili, noti ya yuro ishirini mashine haipokei. Basi kasimama pale mama wa watu anasubiri mtu ampe hamsini senti, na nyuma foleni, na nje honi. Alipofika kwenye basi watu wote wamekaa wanamwangalia. Hakusema kitu. Akakaa dirishani akafunga mtandio vizuri akanyamaza mpaka Paris. Na kwenye basi choo kipo, lakini kimefungwa, tukaambiwa ni cha dharura.

Brussels nayo tulipewa saa moja na nusu, nusu yake tukaitumia kutembea kwenda kuona kile kisanamu cha mtoto anayekojoa. Mama mkubwa alikiangalia akauliza, "Ndiyo hichi?" Ndiyo hicho mama. Watoto walifurahi, nisiwe mwongo, na wafo za pale, vile vikeki vya vishimo-vishimo, ni tamu, moto moto na sukari imeungua kidogo kwa nje.

Paris siku moja kamili, na Eiffel ilikuwa ndani ya bei, lifti mpaka ghorofa ya pili, hapo pesa yetu ilienda vizuri. Ule mnara una mita 330 na umesimama toka 1889 na ukiwa pale juu mji wote uko chini umenyooka kama mtu kaukata kwa rula. Mama aliushika ule ukingo wa chuma akasema mashallah mara nne. Ila Louvre tulipiga picha nje kwenye ile piramidi ya kioo tukaondoka, kuingia hamna muda, na binti yangu alikuwa ameisubiri hiyo kwa miezi. Watoto chini ya miaka 18 wanaingia bure pale! Ukienda mwenyewe kumbuka tu Jumanne wamefunga.

Mchana ratiba ikasema duka la manukato, masaa mawili. Hapo mume wangu akasema hapana, sisi tunawaaga tutakutana hotelini. Tukapanda basi la kawaida la mjini, siyo metro, na hili wenye wazee mlishike: metro ya Paris ni ya zamani, stesheni nyingi ni ngazi tupu hazina lifti, laini namba 14 ndiyo yenye lifti kila kituo, lakini mabasi ya mjini yanashusha sakafu mzee anaingia bila kupanda kitu. Tukaenda Msikiti Mkuu wa Paris. Ulifunguliwa 1926, Ufaransa waliujenga kama shukrani kwa askari Waislamu waliokufa wakiipigania kwenye vita vya kwanza, una mnara wa mita 33 na bustani ya vigae vya kijani na bluu, na pembeni pana mgahawa wa chai. Jamani ile chai ya nanaa kwenye vigilasi, na visheti vyao vya lozi. Wazee waliswali, wakakaa kwenye kivuli, shomoro wanatembea mpaka mezani mtoto anawalisha makombo. Masaa mawili na nusu hakuna aliyetuita. Ndiyo mara ya kwanza nikamsikia mama anacheka toka tutoke Dar.

Sasa siku ya nne. Paris mpaka Lucerne ni zaidi ya kilomita 600 kwa basi, siku nzima imeisha barabarani. Saa kumi jioni nikainuka kumwangalia mama nikaona chupa yake ya maji pale kwenye wavu wa kiti cha mbele, chupa niliyomjazia asubuhi hotelini, imejaa mpaka shingoni. Nikamwambia mama hujanywa maji toka asubuhi? Akanijibu taratibu asisikike, "Mwanangu, nikinywa nitakwenda wapi?"

Kumbe toka siku ile ya kigeti cha Ubelgiji mama alikuwa analowesha mdomo tu. Siku tatu, na dawa yake moja ya presha ni ile ya kutoa maji mwilini. Tulipofika hoteli akasimama kwenye korido ya basi akayumba, mume wangu akamdaka kwapani. Mashine ya presha tuliyobeba kutoka nyumbani ikasoma chini sana. Tukamlaza, tukampa maji kidogo kidogo na chumvi za ORS (bebeni, zinabebeka), tukapiga simu ya bima wakatuunganisha na daktari akatuelekeza dawa ipi tusimpe usiku ule, mpaka saa sita macho yamerudi. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake siku tatu nzima nampiga picha.

Kwa hiyo nyota mbili kwa basi. Dereva alikuwa mtu mwema na mwongozaji alifanya kazi aliyotumwa, lakini ile ratiba haikutengenezwa na mtu mwenye mama.

Asubuhi yake kundi likaenda mlima Titlis, kule juu ni zaidi ya mita 3,000, sisi tukabaki. Mama akalala mpaka saa nne. Tukahamia nyumba ndogo yenye jiko dakika tano kutoka stesheni ya Lucerne, na hapa ndipo safari yetu ilipoanza kwa kweli.

Tulinunua Swiss Travel Pass ya siku nne mfululizo kwa wakubwa wanne. Hela yake siyo ndogo, roho iliniuma nikilipa, lakini sikilizeni inachofanya. Karibu treni zote, mabasi ya mjini, meli za ziwani, makumbusho zaidi ya 500, unapanda unashuka hutafuti chenji wala mashine. Watoto wa miaka 6 mpaka 15 wakiwa na mzazi wanapewa kadi ya familia wanasafiri bure, chini ya sita ni bure vilevile. Kila treni ya masafa ina choo, kisafi, hakina kigeti wala mtu anayehesabu dakika. Mama alienda kukiangalia kabla hatujaondoka hata stesheni, akarudi akakaa, akaomba maji.

Meli zinaondokea mbele ya stesheni hapohapo, unavuka barabara tu. Kiangazi zinatembea zile za zamani za mvuke zenye magurudumu ubavuni, sisi tulipanda Uri, ya mwaka 1901. Katikati ya meli pameachwa wazi unaangalia injini kwa chini, yale mapistoni yanang'aa yanapanda na kushuka polepole na joto la mafuta linakupiga usoni, kijana wangu alishika kile chuma cha kuzuia akasimama pale saa zima hakutaka kuja kuona milima. Bibi yake akaletewa kiti akakaa naye. "Mume wangu kapata kazi," anasema, na bwana mdogo anamweleza bibi bomba hili linafanya nini na lile linafanya nini, mengine anatunga.

Mlima tuliochagua ni Rigi, na pasi inaulipia wote bila kuongeza senti. Wengi wanakimbilia Jungfraujoch, pazuri sana najua, lakini pako mita 3,454, hewa nyepesi, mtu wa presha aongee na daktari wake kwanza. Rigi ni mita 1,798, juu kidogo tu ya kule kwetu Lushoto. Unachukua meli mpaka Vitznau kama saa moja, unashuka, treni nyekundu ya meno imesimama hatua chache kutoka gatini. Reli hiyo ndiyo ya kwanza ya mlimani Ulaya nzima, 1871, katikati ya njia kuna chuma cha ngazi ambacho gurudumu lenye meno linajishika ndiyo maana haitelezi kurudi nyuma. Juu kabisa kuna kimwinuko cha dakika chache kimetengenezwa lami, mama alikipanda kwa hatua zake, anasimama, anaangalia ng'ombe, anaendelea. Hakuna aliyemharakisha. Kule ng'ombe wanavaa kengele kubwa shingoni na ukikaa kimya unasikia bonde zima linalia kengele. Upepo ulikuwa wa Lushoto kabisa ule wa asubuhi mwezi wa saba, mama mkubwa akavuta kanga kichwani akasema hapa ningepewa ekari mbili ningelima kabichi.

Chakula tulipika wenyewe. Mchele tulibeba kilo tatu, na tangawizi ya unga na iliki. Nyama na vitu vya maziwa msibebe, kuingiza kule hairuhusiwi, samli ya mama mkubwa ilibaki Tanga kwa huzuni. Jumapili maduka mengi yamefungwa, ya ndani ya stesheni ndiyo yanafunguliwa, na hela ni faranga siyo yuro. Maji ya mabomba ya mitaani yanayotiririka pale mjini ni ya kunywa, salama kabisa, kijana akawa na kazi ya kwenda kujaza chupa ya bibi kila tukipita, na bibi anaimaliza.

Siku ya mwisho makumbusho ya usafiri, Verkehrshaus, kwa pasi ni nusu bei. Injini za treni, ndege, magari, siku nzima haitoshi mwenye watoto. Sisi wakubwa tulikaa nje kwenye viti. Daraja la mbao la Kapellbrücke tulilipita kila jioni, la karne ya 14, liliungua 1993 na mwaka uliofuata likawa limeshajengwa tena.

Kwenda Italia ni treni vilevile, kupitia handaki la Gotthard la kilomita 57, refu kuliko yote ya reli duniani, dakika kama ishirini giza halafu unatokea upande wa pili watu wanaongea Kiitaliano. Pasi inaishia mpakani, kipande cha Italia unalipia na siti lazima ubuku. Milano tulibadilisha, tulijiachia saa nzima katikati ya treni mbili na nashauri mfanye hivyo, na wazee dakika kumi na tano hazitoshi.

Venice nawapa nyota nne, na ile moja nimeitoa kwa kosa la upande wetu na kidogo la mwenye nyumba. Tangazo lilisema mita 250 kutoka kituo cha boti. Kweli, mita 250, na madaraja matatu, kila moja ngazi kupanda ngazi kushuka. Mji una madaraja zaidi ya 400. Mume wangu alivusha mabegi kwa awamu, anaacha binti analinda huku, anarudi. Kwa hiyo mkichagua pa kulala msiulize umbali, ulizeni kutoka kwenye boti mpaka mlangoni kuna madaraja mangapi, na mlango mpaka kitanda ngazi ngapi. Mkishapata hapo mji wenyewe ni mzuri kwa mzee maana gari hakuna, na vaporeto, zile boti za abiria, ndiyo daladala yao. Laini namba 1 inapita mfereji mkubwa wote taratibu inasimama kila kituo, ukiwahi viti vya mbele nje umemaliza. Tiketi ya dakika 75 ni yuro 9.50, ya siku nzima inalipa zaidi. Ile ada ya kuingia mjini waliyoanza 2024 inatozwa baadhi ya siku kwa wanaokuja kutwa na kuondoka, mwenye kulala haimhusu, ila lazima ujisajili mtandaoni.

Murano, kile kisiwa cha vioo jirani na Venice, twendeni polepole maana hapa mama mkubwa alitushangaza. Kwenye makumbusho ya vioo wameweka shanga, rangi zote, nyekundu zile ndogondogo zimetungwa kwenye nyuzi. Akasogea mpaka pua inagusa kioo. Halafu akasema hizi nazijua, bibi yetu alikuwa nazo, za kiunoni. Mimi nikadhani anafananisha tu, lakini ni kweli, karne ya 19 shanga nyingi zilizopita Unguja na bandari za mrima kwenda bara na misafara zilitengenezwa huku Venice. Mama naye akaja, wakaanza kukumbushana zilikuwa kwenye kasha gani na nani alizirithi, binti yangu amesimama katikati yao anasikiliza mdomo wazi, hadithi ambayo hata mimi mama yake sikuwahi kuisikia. Dakika arobaini kwenye kabati moja la kioo. Kwa pakeji tungepewa dakika kumi na dukani.

La mwisho viwanja vya ndege. Kule Ulaya msaada wa wilchea ni haki na ni bure, mnatoa taarifa kwa shirika la ndege masaa 48 kabla, na mzee anapitishwa ukaguzi pamoja na familia yake. Mama aliona aibu mwanzoni, kurudi akawa anauliza mwenyewe kijana wa wilchea yuko wapi. Mama mkubwa alikataa katakata, akatembea.

Mwakani wanataka tena. Mama ametaja Istanbul, na ameuliza jambo moja tu, kama meli za kule zina choo.